Simu yako haioni antioksidanti, inaona rangi

Swali ninaloulizwa sana hapa Mbeya, na wanafunzi na hata wale jamaa wanaouza unga wa majani pale Mwanjelwa, ni kama kweli simu inaweza kupima antioksidanti (kemikali zinazotuliza molekuli korofi zinazoharibu seli) kwenye dawa za mitishamba. Inaweza, ila sio kwa kulipiga picha jani. Mlonge, mpera, mwarobaini, yaweke yote mezani utaona kijani tu, na hicho kijani ni klorofili, rangi ya kawaida ya majani, hakikwambii lolote kuhusu polifenoli, yaani kundi la antioksidanti za mimea, zilizomo humo ndani. Inabidi kwanza uilazimishe ile antioksidanti ibadilishe rangi ya kitu kingine, halafu ndio unapiga picha hicho kitu kingine.

Mi natumia DPPH, kemikali ya maabara. Ni unga unaoyeyushwa kwenye methanoli (methanoli ni sumu jamani, sio spiriti ya kunawia mikono, kwahiyo madirisha wazi na glavu) unapata kimiminika cha zambarau iliyokolea. Molekuli yake ina elektroni moja isiyo na mwenzake, ikikutana na kitu kinachoweza kuipa hidrojeni au elektroni inatulia, na ikitulia zambarau inafifia mpaka inabaki njano. Mtafiti anayeitwa Blois alionyesha mwaka 1958 kwamba kufifia huko kunaweza kutumika kama kipimo na mpaka leo maabara dunia nzima zinakitumia, tena kwa spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaomezwa na kimiminika, iliyowekwa kwenye nanomita 517 (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Ukidondoshea maji ya chai ya Mufindi kwenye kishimo cha pleti ya maabara (sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vingi) chenye DPPH unaiona kazi kwa macho, rangi inaanza kukatika pale pale tone lilipotua, ukikoroga kishimo chote kinahama kwenda njano. Dawa nyingine zinaenda taratibu, ndio maana watu wengi wanasubiri dakika 30 gizani ndio wasome.

Sasa simu inaingiaje? Hiyo 517 ipo kwenye mwanga wa kijani, yaani DPPH inameza kijani na kuacha nyekundu na bluu zipite, ndio maana tunaiona zambarau. Na kila nukta ya picha yako ina namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 mpaka 255. Wewe chukua ya kijani, hizo mbili achana nazo. Fungua picha kwenye ImageJ, ni programu ya bure, tenganisha rangi, chora kiduara katikati ya kishimo mbali na kingo maana kingo zina kivuli na mng'ao, soma wastani.

Hapa kwenye hesabu ndio wengi wanateleza. Tuseme kishimo cha methanoli tupu kimesoma 230, cha DPPH bila dawa 92, cha DPPH na dawa 161. Mtu anaangalia anasema 161 iko katikati kabisa ya 92 na 230, basi dawa imezima asilimia 50 ya DPPH. Hapana. Mwanga ukipita kwenye rangi haupungui kwa kutoa, unapungua kwa uwiano, kwahiyo lazima upitie logi: logi ya 230 gawa kwa 92 ni 0.398, logi ya 230 gawa kwa 161 ni 0.155, tofauti yake gawa kwa 0.398 unapata asilimia 61. Picha ni ile ile, majibu mawili, na mtu mwingine anaweza kuandika tasnifu nzima kwa lile la kwanza.

Halafu kuna choya. Watu wanaipenda, inauzwa kila kona, na kwa macho unaamini kabisa ina nguvu kwa ule wekundu wake. Shida ni kwamba ule wekundu ni anthosayanini, rangi za asili za mmea, na zenyewe zinameza mwanga karibu na nanomita 520, pale pale DPPH inapomeza, kwahiyo DPPH inafifia huku choya inaongeza giza lake, kamera inajumlisha vyote na choya inaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Suluhisho ni kuweka kishimo cha choya kwenye methanoli bila DPPH kabisa, unapata giza lake lenyewe, unalitoa ukishapitia logi. Klorofili yenyewe inasumbua kidogo tu kwenye kijani, ni bahati yetu sisi wa majani.

Mwanga wa chumbani usiutegemee, hasa kama upo Tukuyu ambako ukungu unaingia na kutoka unapiga picha ya kwanza kuna jua ya pili hamna. Tengeneza boksi la katoni, ndani bandika karatasi nyeupe za A4, taa ya LED ya kuchaji (umeme nao tunaujua) mulika kupitia karatasi nyeupe chini ya pleti, tundu la kamera juu, flashi zima. Kamera ya simu ni kama fundi picha wa mtaani, kazi yake utoke umependeza, inang'arisha penye giza na kurekebisha weupe bila kukuuliza, kwahiyo nenda kwenye mpangilio wa kitaalamu ufunge mwanga, fokasi na weupe visibadilike na HDR (ile inayochanganya picha kadhaa kuwa moja) uizime. Hata hapo simu bado inapinda namba kidogo, ndio maana kwenye pleti hiyo hiyo, kwenye picha hiyo hiyo, lazima kuwe na mstari wa vishimo vya vitamini C au asidi ya galiki (antioksidanti nyingine inayotumika kama kipimo cha kulinganishia) kwa viwango unavyovijua. Dawa yako unailinganisha na huo mstari, sio na namba ya jana.

Kitu kingine kidogo ila kina maana: ukisema umechemsha dawa, sema wapi. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, mtu wa Dar anachemsha kwenye 100, msitegemee namba zilingane.

Na wale wa Mwanjelwa wanaotaka niwaandikie asilimia kwenye lebo, sitaandika. Asilimia 61 ni ya kwenye kishimo chenye methanoli, tumboni na kwenye damu mambo ni mengine kabisa, sehemu kubwa ya polifenoli inavunjwa au haifyonzwi. Idara ya Kilimo ya Marekani yenyewe mwaka 2012 iliondoa kwenye tovuti yake jedwali la nguvu za antioksidanti za vyakula, sababu mojawapo ni kwamba wafanyabiashara walikuwa wanalitumia vibaya kutangazia bidhaa. Kipimo hiki kinafaa kulinganisha: majani yaliyokaushwa kivulini na ya juani, mzigo wa mwezi huu na wa mwezi uliopita, jani changa na lililokomaa. Hapo kinafaa sana tu, tena kwa gharama ndogo.

Mkitaka niwaangalizie picha zenu nitumieni, ila WhatsApp tumeni kama dokumenti sio kama picha, maana inazibana na namba za kijani zinakuja zimeshavurugika.