Uzi Mmoja Ukififia, Usikimbilie Pikapu Mpya

Katika wiki moja nimeletewa magitaa matatu yenye hukumu ileile: "Fundi, pikapu imekufa upande mmoja, niwekee nyingine." Pikapu ni kifaa cha gitaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme wa kwenda kwenye spika, na zote tatu zilikuwa nzima. Mwenye gitaa mmoja alikuwa ameshanunua mpya na kufungiwa kwingine, na uzi wake wa kwanza ukabaki hausikiki vilevile. Inaniuma, kwa sababu fedha ile haikuwa na haja ya kutoka.

Piezo, yaani pikapu ya utepe inayokaa chini ya sadeli (kijiti chembamba cha kwenye daraja la gitaa kinachobeba nyuzi), haina sumaku ya kunasa mtikisiko wa chuma. Inahisi mgandamizo. Nyuzi zinaikandamiza sadeli, sadeli inaukandamiza utepe ulio chini yake, na uzi ukitikisika mgandamizo unabadilika. Badiliko hilo ndilo umeme unaokwenda kwenye priampu, kikuza umeme kidogo kinachotangulia spika. Mahali ambapo sadeli haijaukalia utepe sawasawa, uzi wa hapo utafifia hata ufunge pikapu ya bei gani. Pikapu mpya haisogezi sadeli hata unywele mmoja.

Mara nyingi tatizo limeanzia nyumbani. Mwenye gitaa aliona nyuzi ziko juu, akachomoa sadeli, akaipiga msasa kwa chini akiwa ameishika mkononi. Mkono huyumba. Ncha mbili zikaliwa zaidi ya katikati, kitako kikatoka na umbo la mtumbwi. Sasa katikati inagusa, pembeni inaning'inia, na nyuzi za pembeni, wa kwanza na wa sita, zinapotea kwenye spika ingawa bila umeme zinasikika vizuri kabisa.

Jaribu hivi kabla hujatoa senti. Chomeka gitaa, piga uzi ulio dhaifu, huku mwenzako akiikandamiza sadeli kwa nguvu kando ya uzi huo kwa kitako cha penseli chenye ufutio. Sauti ikipanda, pikapu ni nzima, kinachosumbua ni mkao. Isipobadilika kabisa, hapo tuna sababu ya kuanza kuishuku.

Kurekebisha mkao kunataka subira tu. Legeza nyuzi, toa sadeli, isimamishe juu ya kioo na utazame mwanga chini yake. Ukiona mwanga popote, bandika msasa laini kwenye kioo hichohicho na usugue kitako, sadeli ikiegemea kipande cha mbao chenye pembe mraba ili isilale upande, hadi mwanga upotee. Kisha safisha mfereji wa daraja ambamo sadeli hukaa. Nimekuta humo unga wa mbao uliobaki tangu siku tundu la waya lilipotobolewa, na chembe moja inatosha kuunyanyua utepe. Lichunguze na tundu lenyewe: ukingo wake ukiwa mkali, utepe unapinda ghafla na kuvimba pale, na uzi wa jirani unapiga kelele kuliko wenzake. Ukingo huo ulazwe mshazari.

Sadeli iingie kwa vidole. Ikihitaji koleo imebana mno, itakwama kabla ya kufika chini. Ikicheza, itainama nyuzi zikikazwa. Na tafadhali, acheni kuweka vipande vya karatasi chini ya uzi dhaifu. Kipande kinainua pale kilipo na kuwanyima majirani, halafu unarudi kwangu na nyuzi mbili zilizofifia badala ya mmoja.

Malalamiko mengine ninayoletewa hayahitaji maelezo marefu hivyo.

"Betri siyo, niliibadilisha juzi." Kwenye magitaa mengi yenye priampu, jeki, tundu la kuchomekea waya, ndiyo swichi: waya ukiingia, priampu inawaka hata kama gitaa limeegemezwa ukutani. Ukiliacha na waya usiku kucha, betri imekesha ikifanya kazi. Betri ya volti 9 ikiwa mpya husoma zaidi ya 9. Ikishuka kuelekea 7, tarajia sauti ya kukwaruza, na watu huiita pikapu iliyoungua. Zile volti 48 ambazo mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) hutoa kwa ajili ya maikrofoni haziichaji betri hiyo.

"Inakatika-katika, pikapu inachoka." Badilisha waya kwanza. Kisha shika jeki: ikilegea, usikaze nati ya nje peke yake, kwa sababu mwili wa jeki utazunguka ndani ya gitaa na kunyofoa nyaya zilizolehemiwa. Jeki izuiwe isizunguke, ndipo nati ikazwe.

"Pikapu isiyo na betri ina sauti nyembamba kama bati." Umeichomeka pasipofaa. Piezo isiyo na priampu inataka ingizo lenye ukinzani wa megaomu 1 (kiloomu 1,000) au zaidi, na ingizo la kawaida la mikisa lina kiloomu kumi au makumi kadhaa tu, kwa hiyo besi yote inapotea hapo. Weka priampu katikati, ndipo uihukumu.

"Nyuzi za shaba haziendani na pikapu." Kwa piezo, hata nailoni inasikika. Suala hilo ni la pikapu ya sumaku inayofungwa kwenye tundu la sauti: sumaku hainasi shaba iliyozungushwa nje ya uzi, inanasa kiini cha chuma, ndiyo maana nyuzi mbili nyembamba zisizozungushiwa kitu huwa na sauti kubwa kuliko nyingine. Kama pikapu yako ina skrubu ndogo chini ya kila uzi, teremsha za nyuzi hizo mbili.