Asidia: spishi zake hutenganishwaje?

Asidia ni mnyama wa baharini anayeishi amejibandika kwenye mwamba, nguzo ya gati au ubavu wa meli. Kwa macho ni kifuko tu chenye matundu mawili. Mguse, atajikunyata na kukurushia maji. Tundu moja huingiza maji, la pili huyatoa, na katikati kuna kikapu cha matamvua kinachochuja chakula. Amevikwa gamba laini lenye selulosi, kitu tulichozoea kukiona kwenye mimea. Kwa Kilatini kanzu ni tunica, ndiyo maana jamii yake ikaitwa Tunicata.

Zamani alihesabiwa pamoja na chaza na konokono. Mwaka 1866 Alexander Kowalevsky, Mrusi, alionyesha kuwa lava wa asidia, yaani mtoto wake aliyetoka yaini, anafanana na kiluwiluwi, na mkiani ana notokodi, ule ufito unaotangulia uti wa mgongo hata katika kiinitete cha binadamu. Lava huogelea kwa saa au siku chache, hujibandika kwa kichwa, na mkia unanyweka mwilini. Basi kile kifuko ni jamaa yetu wa karibu kuliko chaza.

Spishi zinazojulikana ni kama 3,000, na sura ya nje hudanganya. Rangi hupotea mara tu sampuli inapotiwa kwenye spiriti. Wengine huishi kwa makoloni: utando wa Botryllus schlosseri una maua madogo ya nyota, na kila petali ni mnyama kamili.

Kwa hiyo mtaalamu hupasua. Kwanza humlegeza mnyama kwa mentholi ndani ya maji ya bahari, la sivyo atajikunja na hakuna kitakachosomeka, kisha humhifadhi kwa formalini. Akishamfungua hutazama kikapu, kwa sababu oda tatu, yaani makundi makubwa ya asidia, alizopanga mtaalamu Fernand Lahille mwaka 1886 zimesimama hapo. Kikapu sahili ni cha Aplousobranchia, ambao karibu wote ni makoloni. Chenye mishipa ya urefu lakini hakina mikunjo ni cha Phlebobranchia. Kilichokunjwa kama pazia ni cha Stolidobranchia.

Ndani ya oda kazi huwa ya kuhesabu na kuchungulia kwa hadubini. Minyiri ya mdomoni ikiwa na matawi, huenda ni familia ya Pyuridae. Ikiwa mitupu, Styelidae. Molgula ana ncha 6 kwenye tundu la kuingizia maji na 4 kwenye la kutolea, Ciona ana 8 na 6. Didemnidae wengi wana chembe za chokaa zenye umbo la nyota ndani ya gamba. Ni kazi ya kuumiza shingo, na sampuli iliyojikunja huharibu asubuhi nzima.

DNA nayo imepangua mengi. Ciona intestinalis, kipenzi cha maabara, alikuwa spishi mbili zilizofichwa chini ya jina moja. Jenomu, yaani DNA yake yote, iliyochapishwa kwa jina hilo mwaka 2002 leo inahesabiwa kuwa ya Ciona robusta, jina lililorudishwa rasmi mwaka 2015. Wataalamu walipowaangalia upya hao wawili, walikuta robusta ana vinundu vidogo kwenye gamba la mirija ya yale matundu mawili, pale pale nje.