Pampu ya Kukamulia Maziwa na Plastiki za Kumlishia Mtoto: Maswali ya Mama Anayerudi Kazini

Mama aliyeajiriwa nchini Tanzania hupata likizo ya uzazi ya siku 84, na akianza kuihesabu kabla ya kujifungua, hujikuta amerudi ofisini mtoto hajatimiza hata miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Miezi inayobaki katikati huzibwa na maziwa ya kukamua, na maswali yaliyojibiwa hapa ndiyo ambayo akina mama huuliza wanapofika hapo.

Je, ni lazima ninunue pampu?

Si lazima. Mkono uliooshwa vizuri kwa sabuni na kikombe safi chenye mdomo mpana vinatosha, na wako wanawake wengi ambao mkono huwatolea maziwa kuliko mashine yoyote. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini yake, mahali ambapo ngozi nyeusi inayozunguka chuchu inaishia, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie bila kuburuza vidole juu ya ngozi. Dakika za mwanzo huenda yakatoka matone tu, jambo linalowakatisha tamaa wengi kabla maziwa hayajaanza kushuka. Usiache. Hamisha vidole kuzunguka titi lote, badilisha upande mtiririko unapopungua, na utenge dakika 20 hadi 30 katika siku za kujifunza.

Pampu inakuwa na maana pale unapolazimika kukamua mara kadhaa kila siku ya kazi. Kuhusu muda, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, ili amnyonyeshe mtoto wake. Ambaye mtoto wake yuko mbali na ofisi azungumze na mwajiri mapema, kabla likizo haijaisha, juu ya kuutumia muda huo kukamua.

Nikiamua kununua, nichague ya aina gani?

Nianze na ya kuepuka: ile ya bei ndogo yenye puto la mpira linalofanana na honi ya baiskeli. Maziwa huingia kwa urahisi ndani ya puto, na huwezi kupaona ndani wala kupasugua, kwa hiyo yanachacha humo na kuyachafua yatakayokamuliwa kesho yake. Pampu ya mkono yenye mpini ni nafuu, haihitaji umeme, na inamtosha anayekamua mara moja moja. Ya umeme inamfaa anayekamua kila siku, hasa yenye betri ya kuchaji, kwa sababu umeme ukikatika saa nane mchana matiti hayasubiri urudi.

Katika pampu za umeme, muulize muuzaji kama kuna kizuizi kati ya maziwa na mota. Zenye kizuizi hicho haziruhusu maziwa kupanda kwenye mrija wa hewa, ambako unyevu huzaa ukungu usioonekana. Kisha tazama ile sehemu yenye umbo la faneli inayokaa juu ya titi. Nyingi huja na kipenyo cha milimita 24, ingawa chuchu za wanawake hazilingani. Faneli iliyokutosha huiacha chuchu isogee mbele na nyuma bila kukwaruza ukuta, wala haivuti ndani sehemu kubwa ya ngozi nyeusi. Ikiwa unaumia, usiongeze nguvu ya kuvuta kwa kudhani utapata maziwa mengi zaidi, utapata vidonda.

Dada yangu ana pampu aliyoitumia. Naweza kuirithi?

Pampu nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa ajili ya mtumiaji mmoja, na kuchemsha vipande vinavyotoka hakusafishi mota wala njia za hewa zilizo ndani. Gauni la mtumba linafuliwa likatakata, mota hailoweki.

Plastiki ina ubaya gani hasa?

Hofu ilianzia kwenye kemikali iitwayo bisfenoli A, ambayo kwenye vifungashio huandikwa BPA. Ilitumika kutengeneza chupa ngumu zinazong'aa kama kioo, nayo huiga mwilini kazi ya estrojeni, homoni ya kike, ndiyo maana watoto wachanga, ambao viungo vyao bado vinajengwa, huogopewa zaidi. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku chupa za watoto zenye kemikali hiyo mwaka 2011, na Marekani ikafuata mwaka 2012. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikishusha mara 20,000 kiwango cha BPA ambacho mtu anaweza kukipata kila siku bila wasiwasi. Kundi jingine la kemikali zinazohofiwa ni ftaleti, zinazotumika kuilainisha plastiki ya PVC.

Maneno "haina BPA" yanasaidia, lakini hayamalizi shughuli, kwani baadhi ya watengenezaji waliibadilisha kwa bisfenoli S, ndugu yake wa karibu. Geuza chombo utazame namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba 5 ni polipropilini, ambayo ndiyo hutumika katika chupa na pampu nyingi za sasa. Namba 3 ni PVC, iache. Namba 7 ni kapu la mchanganyiko, linaloweza kuwa na plastiki yenye BPA au isiyo nayo, kwa hiyo bila maelezo mengine usiichukue. Chupa tupu za maji ya dukani, namba 1, hazikutengenezwa kuhifadhia maziwa ya mtoto wala kuchemshwa.

Naambiwa nichemshe vyombo, na tena naambiwa joto ni baya kwa plastiki. Nishike lipi?

Shika yote mawili, kwa mpangilio. Kuhara kunaua watoto, na mbele ya hatari hiyo plastiki inasubiri zamu yake. Chemsha vyombo kwa dakika 5 baada ya kuviosha kwa sabuni katika beseni lake maalumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na watafiti wa chuo cha Trinity, Dublin, ulionyesha kwamba hata chupa za polipropilini hutoa chembechembe za plastiki, na kwamba hizo huongezeka sana kadiri maji yanavyokuwa ya moto. Basi viache vipoe, uvisuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ndipo utie maziwa. Kama mtoto anatumia maziwa ya kopo, yakorogee kwenye chombo cha kioo au cha chuma cha pua, yapoe, kisha uyahamishe. Maziwa uliyokamua hayahitaji kuchemka: simamisha chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Chupa iliyokwaruzwa na brashi au kupauka imemaliza kazi yake.

Nitayahifadhi wapi, na mlezi ampe mtoto kwa kutumia nini?

Maziwa hudumu saa 4 mahali penye nyuzijoto 25 au chini ya hapo, kiwango ambacho Dar es Salaam ya Januari haikifahamu. Yaweke mara moja kwenye mfuko wa kutunza ubaridi wenye barafu, yanapoweza kukaa hadi saa 24, au ndani kabisa ya friji, mbali na mlango, kwa siku 4. Kioo chenye kifuniko kinafaa sana, mradi usikijaze pomoni ukiweka kwenye friza.

Kumlisha, kikombe kidogo cha chuma cha pua kinaweza kuondoa kabisa swali la chupa, maana hakina kona wala chuchu bandia ya kusugua. Mlezi amkalishe mtoto karibu wima, aegeshe ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, akiinamishe mpaka maziwa yaguse tu midomo, na hapo asubiri. Asimimine. Mtoto atatoa ulimi na kuyalamba mwenyewe, kidogo kidogo, na akitosheka atafunga mdomo.