Bill Lear: kutoka koili ya redio hadi dira ya rubani

Wengi wakisikia jina la Bill Lear, mvumbuzi wa Marekani, hukumbuka Learjet, ndege ndogo ya jeti. Kwa fundi wa redio, kazi yake nzito imo kwenye waya.

Mkondo wa masafa ya juu hupita kwenye ngozi ya waya, katikati hauingii. Miaka ya 1920, Lear alitengeneza koili (mizunguko ya waya) za nyuzi nyembamba nyingi, kila uzi umefunikwa peke yake, kisha zikasukwa pamoja. Ngozi inaongezeka, upotevu unapungua, na koili yenyewe inakuwa ndogo. Udogo huo ulisaidia redio iingie kwenye gari. Kampuni ya Galvin, iliyokuja kuitwa Motorola, ilitoa yake mwaka 1930, na Lear alikuwa na mkono wake humo. Nafasi haikuwa shida pekee: cheche za plagi na dainamo zilimeza sauti, mpaka ufunge rezista kwenye nyaya za plagi na kapasita kwenye dainamo.

Miaka hiyo hiyo ya 1930 akaingia kwenye dira za redio za ndege, zinazomwonyesha rubani upande kilipo kituo cha redio. Antena ya kitanzi ikigeuza uso wake kuelekea kituo, sauti hufifia. Rubani huwinda pale inapofifia, si inapovuma, kwa sababu penye kuvuma unaweza kugeuza digrii kadhaa sikio lisitambue; penye kufifia hata kugeuza kidogo tu kunasikika. Taabu ni kwamba kufifia kuko pande mbili, mbele na nyuma ya kitanzi. Antena ya pili, isiyochagua upande, ndiyo huamua. Ukiongeza mota ya kugeuza kitanzi, mshale wa dira unajielekeza wenyewe.

Lakini usiuamini kichwa kichwa. Usiku mawimbi yanayorudi kutoka angani huuyumbisha, radi huuvuta, na mawimbi hupinda yakivuka pwani. Dira nyingi za aina hii hazina bendera ya onyo: kituo kikizimika, mshale hubaki umetulia kana kwamba mambo ni shwari. Kwa hiyo sikiliza herufi za Morse ambazo kituo hujitambulisha nazo, muda wote unaoutegemea mshale.

Mtambo wake wa kuongoza ndege za jeti bila mkono wa rubani ulimpatia tuzo ya Collier ya 1949, tuzo ya Marekani ya mambo ya anga. Learjet 23, iliyoruka mara ya kwanza Wichita tarehe 7 Oktoba 1963, naiona zaidi kama akili ya biashara: bawa lilitokana na ndege ya kivita ya Uswisi, P-16, na injini za General Electric zilitokana na za kijeshi.