Chipukizi na Mgomba: Tuliyokosea Kuhusu Mifululizo Mipya ya Fantasia

Mkulima wa Tukuyu hachagui chipukizi la mgomba kwa upana wa majani. Lenye majani mapana mapema hupendeza macho, lakini tunguu lake ni dhaifu. Linalopandwa ni lile la majani membamba kama upanga. Nimelikumbuka hilo kwa sababu ya ubishi wetu wa Julai hii, wasomaji wanane tumejibana kwenye chumba kimoja pale Soweto, Mbeya, makoti mwilini na chai ya tangawizi mkononi.

Binti mmoja wa kidato cha tano ana madaftari matatu ya hadithi aliyoibuni kandokando ya Ziwa Ngosi. Yamezunguka kikundi kizima mpaka majalada yameachia. Sasa ametangaza kwamba anaanza mfululizo mwingine ndani ya ulimwengu ule ule. Kila mtu akageuka mwalimu wake, nami nikiwemo, na mengi tuliyomwambia hayakuwa kweli.

Dhana: Hilo ni daftari la nne, limebadilishwa jina tu.

Hapa ndipo jioni yetu ilipopotelea. Muendelezo huokota mzozo pale ulipoachwa. Mfululizo chipukizi, yaani ule unaochipuka kutoka mfululizo wa zamani, hukaa kwenye ardhi ile ile, ukauliza swali jingine. Mtazame mwandishi wa fantasia Leigh Bardugo. Shadow and Bone, ya mwaka 2012, ilifungua trilojia kuhusu Ravka, nchi iliyokatwa vipande viwili na giza, na msichana mwenye uwezo wa kuita mwanga ndiye anayetusimulia. Mwaka 2015 ikaja Six of Crows. Tumehamia Ketterdam, mji wa bandari, kwa vijana sita wanaopanga wizi, na masimulizi yanapokezanwa kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Kule tulihangaika kujua nani ataikomboa nchi. Huku tunataka kujua asiye na kitu anaishije katika mji ambao kila kitu kina bei, pamoja na yeye mwenyewe. Uchawi ni ule ule, lakini hamu ya msomaji ni nyingine kabisa.

Dhana: Bila kusoma vya zamani huelewi kitu.

Inategemea. Wapo walioingia Ravka kwa mlango wa nyuma, wakianza na Six of Crows, na hawakupotea. Ila King of Scars, ya 2019, inabeba wahusika kutoka pande zote mbili. Hiyo ukiianza kavukavu, utakuwa kama mtu aliyefika msibani hajui nani kafa. Mwandishi anapaswa kuamua mapema anawaandikia wageni au wenyeji. Binti yetu alikuwa hajaamua, na kurasa zake za kwanza zilionyesha: aya moja ya hadithi, aya mbili za kukumbushia.

Dhana: Wapendwa wetu wasiporudi, wasomaji watakimbia.

Mimi ndiye niliyesema hivi, tena kwa sauti kubwa. Kisha kijana mmoja akanikumbusha The Lost Hero ya Rick Riordan, ya mwaka 2010, iliyoanzisha mfululizo wa pili baada ya ule wa Percy Jackson. Percy hayupo! Ametoweka, wenzake wanamtafuta, na sisi tumekabidhiwa mvulana aliyeamka bila kumbukumbu. Percy anarejea katika kitabu kinachofuata, cha 2011. Riordan aliufanya ukosefu wa mhusika mpendwa uwe injini ya safari. Nikanywa chai yangu.

Dhana: Kazi ni nyepesi, ulimwengu si upo tayari?

Uliza waliojaribu. Kila ulichokwisha kuandika kimekuwa sheria, na wasomaji ndio mahakimu. Daftari la kwanza la binti linasema anayekunywa maji ya ziwa husahau jina la mama yake. Katika mfululizo mpya alitaka shujaa anywe ili akumbuke ukoo wake. Mtoto mdogo kuliko wote kikundini, wa darasa la sita, akainua mkono: “Dada, si ulisema maji yanasahaulisha?” Kimya. Afute sheria? Haiwezekani, tumeshaiamini. Alichofanya ni kuirefusha: anayekunywa husahau, lakini alichosahau kinabaki ndani ya ziwa, na kuna anayejua kukichota. Kwa maoni yangu hilo limeipita hadithi ya kwanza, na lisingezaliwa bila kikwazo kile. Tangu siku hiyo ana daftari la pembeni la sheria, umri wa wahusika na umbali kati ya vijiji.

Dhana: Ni kukamua pesa tu.

Wapo wakamuaji, tusidanganyane. Lakini mwandishi Philip Pullman alifunga trilojia yake kuhusu msichana Lyra mwaka 2000, na La Belle Sauvage, iliyofungua mfululizo mpya katika ulimwengu ule ule, haikutoka mpaka 2017. Mwenye njaa ya pesa hasubiri miaka 17.

Dhana: Ukiupenda ulimwengu wa mtu, unaweza kuuandikia mfululizo wako na kuuza.

Kuandika kwa kujifurahisha na kusomeana sebuleni hakumsumbui mtu. Kuuza ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na kuitohoa kazi yake kunahitaji ruhusa. Wazo la jumla, mathalani shule ya wachawi, halina mwenyewe. Wahusika na maandishi wanaye. Nilimwambia mpwa wangu hayo akanuna. Nikampeleka Iringa akaone jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, nikamwuliza linasema nini. Bado anaandika.

Na binti wa Ngosi? Wiki iliyopita alisoma sura ya kwanza. Hakuna hata mmoja wa mashujaa wetu wa zamani. Kuna msichana anayeuza viazi Uyole, hajawahi kuliona ziwa, na asubuhi moja mteja asiyemjua anamwita kwa jina ambalo mama yake mwenyewe hakumbuki kumpa.

Tulimwomba asome sura ya pili. Alisema hajaiandika.