Limiti ya gesi ukiiweka juu hukatwi yote

Madevelopa wengi wanaamini kwamba kwenye blokcheni ya Ethereum ukiweka limiti kubwa ya gesi (kipimo cha kazi ya muamala unayolipia) utakatwa yote, ndo maana mtu anachukua namba aliyopewa na eth_estimateGas (amri ya kukadiria gesi) anaibandika vilevile bila kuongeza hata kidogo. Wazo lenyewe lina mantiki, maana kabla ya kutuma lazima uwe na salio la kufunika limiti nzima, ukiona hivyo unadhani hela ndo inaenda.

Kumbe unalipia gesi iliyotumika tu, inayobaki inarudi. Kumtumia mtu ETH (sarafu ya Ethereum) kwenye walleti ya kawaida kunakula 21000, weka limiti 100000 na bado utalipia 21000. Hatari iko upande wa pili: gesi ikiisha katikati muamala unafeli, mabadiliko yote yanafutwa, na gesi iliyoliwa hairudi ng'o. Halafu yale makadirio ni muamala wako umejaribiwa juu ya hali ya cheni ilivyo muda huo, wa mwenzako ukitangulia hesabu inaweza kubadilika, kwa hiyo kuzidisha kwa 1.2 hivi sio uoga.

Ila sheria hii usiihamishie Solana (blokcheni nyingine) kichwakichwa, kule ada ya kipaumbele (ya kuharakisha muamala) inapigwa kwa limiti uliyoomba hata usipoimaliza.

Kucheki mwenyewe rahisi tu, tuma muamala kwenye testineti (mtandao wa majaribio) ukiwa na limiti kubwa, fungua risiti usome gasUsed (gesi iliyotumika), zidisha kwa effectiveGasPrice (bei uliyolipa kwa kila gesi), kisha linganisha na salio lilivyopungua ukishatoa kiasi ulichotuma.