Kabla hujajiita mtafuta lokesheni

Vijana wengi wa hapa Mwanza wanaoniomba niwaingize kwenye kazi ya kutafuta lokesheni, yaani sehemu za kupigia filamu, huanza kwa kunitumia picha. Jiwe la Bismarck, mawe ya Capri Point, mitumbwi ya Kirumba. Nyingine ni nzuri kweli. Lakini mwongozaji aliyeko Dar es Salaam anazo picha kama hizo kwenye simu kabla hajanipigia. Ananilipa kwa yale ambayo picha haisemi, na kama huna hamu ya kuyatafuta hayo, kazi hii itakuchosha mapema.

Chukua hilo Jiwe la Bismarck. Liko ndani ya Ziwa Victoria, upande wa magharibi wa mji. Asubuhi jua linatoka mgongoni mwako na kulimulika jiwe zima. Jioni linazama upande wa pili, jiwe linabaki jeusi tii, na mwigizaji akisimama mbele yake naye uso unakuwa giza bila taa. Hapa jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache jioni mwaka mzima, na likishazama giza halichelewi. Wageni waliozoea jioni ndefu za Ulaya hupanga shoti nyingi baada ya machweo, na ni juu yako kuwaambia mapema kwamba muda huo hawataupata. Kisha kaa pale kimya, ufumbe macho, usikilize: honi ya kivuko cha Kamanga, bodaboda, spika ya duka la jirani. Fundi sauti atakushukuru kuliko mpiga picha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa dagaa. Waandishi wa skripti wanapenda sana lile ziwa la usiku lililojaa taa mpaka upeo wa macho, kama mji mwingine umeota majini. Taa hizo ni za wavuvi wa dagaa, nao huvua siku za giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa, taa haziwakusanyi dagaa vizuri, kwa hiyo wengi hupandisha mitumbwi, wakashona nyavu au wakarudi makwao kupumzika. Prodyuza akikata tiketi za waigizaji kwa wiki ya mwezi mpevu, atafika na kukuta ziwa tupu, huku jenereta na hoteli vinakula hela. Kwa hiyo kabla sijafungua ramani nafungua kalenda ya mwezi, halafu nampigia mvuvi. Naye ataniambia mengine ambayo kalenda haiyajui: mwalo gani, yaani ufukwe wa kushushia samaki, una mitumbwi mingi kwa sasa, upepo unavuma saa ngapi, nani ana boti imara ya kubeba kamera. Asubuhi yake dagaa wa usiku huo huanikwa kwenye mchanga, juu ya nyavu kuukuu au kwenye vichanja, na kina mama wanawageuza. Mvua ikinyesha hakuna cha kuanika, na wewe huna tukio la kupiga. Ukipanga siku hiyo Machi hadi Mei, weka na siku ya akiba.

Ziwa lenyewe halikai kama ulivyoliacha. Mwaka 2020 maji yalijaa, fukwe nyingi zikamezwa, na picha za zamani za sehemu hizo zikawa hazina maana. Magugu maji yanasukumwa na upepo: ghuba uliyoiona safi leo, kesho inaweza kuwa kijani kitupu. Na skripti zinazoonyesha mabasi yakisubiri pantoni Kigongo zimepitwa, maana tangu Juni 2025 magari yanapita kwenye daraja lenye urefu wa takriban kilomita 3. Kwa hiyo nenda ukaone kwa macho yako, hata kama ulikuwepo mwaka jana.

Sasa watu. Hapa ndipo wengi wenye jicho zuri hushindwa.

Mama mmoja wa Mabatini ana nyumba juu ya mawe, na mji wote unaonekana kutoka mlangoni kwake. Nilipomaliza shikamoo na maelezo, hakuuliza bei. Alisema, "Mjukuu wangu ana mtihani wa la saba wiki hiyo. Taa zenu mtazima saa ngapi?" Jibu la kweli lilikuwa saa sita usiku. Nilimwambia hivyo, nikamwomba mwongozaji asogeze tarehe, akasogeza. Kama ungeona ni rahisi zaidi kumdanganya mama huyo ili upate kibali cha mdomo, tafadhali tafuta kazi nyingine. Sisi tunaoishi hapa ndio tutakaopita tena mlangoni kwake.

Sehemu za samaki zinahitaji subira zaidi. Dokumentari moja ya kigeni ya mwaka 2004 kuhusu sangara, iliyopigwa hapa Mwanza, iliwakasirisha watu wengi mpaka Rais Jakaya Kikwete akaizungumzia hadharani. Ukifika mwaloni na kamera, usishangae mtu akikuuliza unataka kutuonyeshaje. Ana haki ya kuuliza, na uwe na jibu kamili la filamu inahusu nini.

Na kuna mahali pa kukataa. Skripti ikitaka makaburi, sipeleki watu Igoma kwa sababu tu kuna nafasi. Pale wamelala waliokufa MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na wengi wetu tuna ndugu au jirani aliyepotea siku ile. Mwongozaji atanuna kidogo, kisha utamtafutia sehemu nyingine.

Vibali nitavisema haraka kwa sababu vinajulikana: Bodi ya Filamu Tanzania kwanza, mamlaka ya anga kama kuna droni, TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ukitaka Kisiwa cha Saanane, mamlaka ya bandari kwa bandarini, na usiruke ofisi ya serikali ya mtaa. Karatasi ya Dar es Salaam haimfanyi mwenyekiti wa mtaa akujue.

Kuhusu kipato, wengi wetu hulipwa kwa kazi, hakuna mshahara wa mwezi. Kati ya filamu na filamu utafanya video za muziki, matangazo, pengine na kupiga picha harusi. Kama una watu wanaokutegemea, anza ukiwa na shughuli nyingine mkononi. Mapatano yawe kwenye maandishi, mafuta na nauli ya boti visichanganywe na ujira wako, na upokee sehemu ya malipo kabla hujaanza kuzunguka.